Miguu Minne ya Mali na Macho ya Mama

Mahuva, 19 Agosti 1991

Kaka Kanubhai,

Jay Shri Krishna. Huku tuko wazima, isipokuwa paa la ghala linalovuja na mimi mwenyewe niliyeshikwa na mafua tangu mvua zianze. Bhavini amemaliza mitihani ya mwaka wa kwanza chuoni, siku hizi anatusahihisha hadi namna ya kukaa mezani. Ndani ya bahasha kuna uzi wa rakhi. Mwambie Mama akufunge mkononi siku ya sikukuu kwa niaba yangu, na usiuvue kesho yake kama mwaka jana. Uzi wa dada hauvuliwi kama soksi.

Nimesema Mama akufunge, lakini sijui kama bado anauona uzi. Wifi Sharda ameniandikia kwamba Mama alimimina chai nje ya kikombe mara mbili kwa wiki moja, na mara ya pili akajiunguza goti. Nimelisikia hilo kwa mkeo, si kwako. Umempeleka kwa daktari? Kasemaje?

Tangu Baba afariki nilikuachia kila kitu, mpaka funguo za sanduku la benki, kwa kuwa wewe ndiye mwana wa kiume. Sikukuachia ili unyamaze. Nijibu upesi.

Dada yako,
Hasumati


Bombay, 11 Septemba 1991

Mdogo wangu Hasumati,

Jay Shri Krishna. Uzi ulichelewa siku tatu, nikauvaa hivyo hivyo, na bado ninao mkononi ninapoandika. Mtaani kwetu Ghatkopar maji ya mvua yalifika ngazi ya pili. Mwanangu Ketan amefaulu mtihani, namshukuru Mungu, ingawa kwa alama za kuchungulia. Duka la nguo linakwenda kwa kukohoa.

Kuhusu Mama usiwe na presha. Daktari amesema ni mtoto wa jicho. La kushoto limeiva, la kulia linafuata. Upasuaji pamoja na kile kioo cha kupandikiza kinachotoka ng'ambo ni rupia elfu kumi na nne. Nusu ya wazee wa mtaa huu wana ugonjwa huo huo na wanacheza karata kila jioni.

Utauliza mbona asipasuliwe kesho. Unauliza kwa sababu wewe ulikuwa jikoni Baba alipokuwa akinifundisha mimi. Alisema mali ni kitanda, lazima kisimame kwa miguu minne: dhahabu, ardhi, amana ya benki na hisa. Nyakati zikiwa mbaya kama mwaka huu, ambapo serikali yenyewe imeweka dhahabu yake rehani, mguu mmoja ukilegea mitatu inakushika. Ndiyo maana hatujalala njaa. Lakini hakuna mtu anayekata miguu ya kitanda chake akafanya kuni.

Nikuonyeshe. Amana inaiva Agosti 1993, ukiivunja leo riba yote inakwenda na maji. Kiwanja cha Kalyan hati zake hazijakamilika, na anayeuza ardhi kwa haraka huuza kwa mjanja. Hisa ndiyo kwanza zinachipua, na mkulima hali mbegu iliyoota. Inabaki dhahabu. Baba alisema nusu yake ni ya harusi ya Bhavini, na vyote hivi viko kwa jina la Mama na vinakwenda kwa dole gumba lake, lakini dhahabu siigusi bila neno lako. Niandikie neno moja tu, "uza", niuze bangili chache, na Mama atapasuliwa wiki inayofuata.

Kwa hiyo ni juu yako. Mali bila daftari huisha bila habari, na mimi daftari ninalo.

Kaka yako Kanu,
Kanaiyalal


Mahuva, 2 Oktoba 1991

Kaka,

Jay Shri Krishna. Mafua yamepona. Ng'ombe amezaa ndama mweupe, na Bhavini amempa jina la mwigizaji fulani wa sinema, sitaki hata kulitaja.

Kumbe ni juu yangu! Una miguu minne, mitatu unaila wewe faida yake, na shoka umelielekeza kwenye ule mmoja wa mwanangu. Hongera kwa shabaha. Bhavini hana baba, Kaka. Watu wanaokuja kumtazama wanatazama shingo yake kwanza, kisha mikono, uso wanaukumbuka wakishafika mlangoni. Nikipunguza hata tola tano za dhahabu, nimempunguzia mume. Neno hilo sitaliandika.

Na usinisomee kitanda cha Baba. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Wewe unazo nne, na umekaa chini katikati huku Mama anapapasa ukuta.

Nina njia isiyogusa mguu wowote. Kila Desemba shirika la hisani la jumuiya yetu linaleta kambi ya macho hapa Mahuva. Madaktari wanatoka huko huko kwenu Bombay. Upasuaji ni bure, na kioo pia bure. Mama hatalala kwangu, najua mila, mzazi hali wala hanywi kwa binti aliyeolewa, atalala kwenye nyumba ya wasafiri ya hekalu. Nimeshazungumza na katibu. Mpande treni tarehe 12 Desemba.

Hasumati


Bombay, 10 Novemba 1991

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka wetu mpya. Sharda alitengeneza vitamu vya Diwali mpaka majirani wakachoka kusifia. Jioni ya Diwali, katika ile saa ya heri, tulinunua hisa za mwaka kama Baba alivyokuwa akifanya. Dalali wangu Bipin alikuja nyumbani na karatasi, na Mama mwenyewe akazipaka poda nyekundu. Nyingine ilikwenda mezani, tukacheka wote, na yeye akacheka.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilinikasirisha. Dada, una akili timamu? Jina la Baba limechongwa kwenye jiwe la marumaru mlangoni mwa kambi hiyo hiyo, mstari wa tatu, miongoni mwa wafadhili. Leo mjane wake apange foleni na wauza mboga, afungwe bendeji ya kijani, apewe ndizi na chupa ya dawa kama sadaka? Atakuwa anakula sadaka aliyotoa mumewe. Habari hiyo itafika soko la nguo kabla ya bendeji kufunguliwa. "Wale wamekwisha." Nani atanipa bidhaa kwa mali kauli? Na huyo Bhavini wako nani atamposa, hata umpake dhahabu mwili mzima?

Nimemuuliza Mama. Amesema, "Kama inaleta aibu, basi. Haraka ya nini?" Ni mtu mwenye busara. Jicho la kulia bado linamfikisha chooni na hekaluni, na zaidi ya hapo anakwenda wapi?

Tusubiri bajeti ya Februari. Wote wanaojua mambo wanasema baada ya bajeti hisa zitaruka.

Kanaiyalal


Mahuva, 21 Januari 1992

Kaka,

Jay Shri Krishna. Sikukuu ya vishada imepita salama. Mtoto wa jirani amekatwa sikio na uzi wa kishada, lakini kidogo tu.

Nimenyamaza miezi miwili kwa hasira, na pia kwa jambo lingine ambalo afadhali niliseme. Kambi ilikuja. Wazee mia tatu walipasuliwa. Siku ya mwisho nilikwenda nikasimama mbele ya lile jiwe, nikaligusa jina la Baba. Katibu akaniona, akaniuliza, "Mama yenu yuko wapi, mbona hamkumleta?" Nikamjibu, "Mama hana shida kubwa." Mdomo wangu mwenyewe ulisema hivyo. Nilipofika nyumbani nilijichukia, nikasusa chakula mpaka kesho yake. Wewe uliona aibu ukiwa mbali huko Bombay, mimi niliiona nikiwa nimesimama hatua kumi kutoka kwa daktari.

Basi tuyaache. Hospitali ya binafsi ya Bhavnagar wanapasua kwa elfu tisa, na hakuna anayetujua pale. Mlete Mama. Wewe toa nusu, mimi nitatoa nusu nikishauza vitunguu, tunavuna mwezi ujao na vimebeba vizuri. Elfu nne na nusu, Kaka. Mkeo ananunua sari ya bei hiyo.

Hasumati


Bombay, 4 Machi 1992

Hasu, mdogo wangu mpendwa,

Jay Shri Krishna, Jay Shri Krishna! Ungeona Bombay sasa. Kinyozi anazungumza hisa, kuhani wa hekalu anazungumza hisa, mbwa tu ndio wamebaki. Karatasi tulizonunua Diwali zimezidi mara mbili. Ketan nimemnunulia pikipiki. Sharda anataka friji ya milango miwili, nimemwambia achague rangi.

Nimepanga upya miguu ya kitanda. Usiulize sana, mambo haya yanakwenda haraka kuliko posta. Baba aliishi wakati mwingine. Mguu mmoja ukinenepa hivi, mtu mwenye akili haendi kuimwagilia ile mikavu.

Mama kuja kwako haiwezekani. Tangu siku ya harusi yako hajameza funda la maji nyumbani kwako, na unajua hatameza. Akikaa wiki tatu za bendeji atakunywa nini, umande? Na kwa nini Bhavnagar, mahali pa elfu tisa? Nampangia hospitali kubwa ya hapa, chumba chenye kipoza hewa na nesi wa peke yake. Nikiuza leo ninaacha mezani pesa ambayo ndani ya mwezi itakuwa mara moja na nusu. Mwezi mmoja tu, dada. Nimemwambia Mama hivyo hivyo, amekubali.

Nasikia vitunguu vimepata bei huko. Weka pembeni kitu. Akiba haiozi.

Kanaiyalal


Mahuva, 25 Machi 1992

Kaka,

Tuko wazima. Sikukuu ya Holi ilikuwa kimya.

Mvua isiyo ya msimu ilitunyeshea na ghala linavuja, unakumbuka. Vitunguu vimeoza. Sina kitu cha kuweka pembeni, na ile nusu niliyoahidi isahau. Hisa unazo wewe. Uza leo.

Wifi Sharda haandiki tena. Kila nikimuuliza habari za macho ananijibu habari za friji. Niambie ukweli: Mama anatambua sura ya Ketan? Na hizo karatasi ulizopanga upya nani alimsomea kabla hajabonyeza dole gumba? Au mlimshika tu mkono mkauelekeza?

Uza, Kanubhai. Nakuomba kama dada. Sijawahi kukuomba hivi, hata mume wangu alipokufa.

Hasumati


Bombay, 6 Juni 1992

Hasumati,

Wote wanakusalimu. Joto ni kali mno.

Najua umeandika mara tatu. Utakuwa umesikia redioni kwamba soko limeanguka. Lilianza mwisho wa Aprili, na kila siku tulisema kesho litasimama. Bipin haonekani, ofisi yake ina kufuli mbili, moja yake na moja ya watu anaowadai... nimekosea, wanaomdai. Amana ya benki niliivunja Februari nikaitia huko. Kiwanja cha Kalyan nilikiweka rehani nikatia huko huko. Mama alibonyeza. Mguu uliobaki ni dhahabu, kwa sababu ulikataa kuandika lile neno. Sasa furahi.

Kuhusu Mama. Tarehe 27 Aprili alishikwa na maumivu ya kichwa, akatapika, jicho likawa jekundu. Nilidhani ni tumbo. Siku ile nilikuwa kwenye simu tangu asubuhi, nikamwambia Sharda ampe maji ya mbegu za ajwain. Tulimpa siku mbili. Siku ya tatu alikuwa anapiga kichwa ukutani, ndipo tukampeleka. Daktari akasema mtoto wa jicho alipitiliza, presha ikapanda ndani ya jicho, mshipa ukafa. Na lile la kulia lilikuwa likiharibika kimya kimya muda mrefu. Alinikaripia mbele ya watu kama mtoto wa shule. Haoni tena, Hasu. Si kushoto, si kulia. Hakuna upasuaji wa kulirudisha hilo, uwe na elfu tisa au laki tisa.

Nyumba hii inauzwa. Tunahamia chumba kimoja Dombivli, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Ketan atamleta Mama kwako Jumatano. Najua mila. Mila ni za watu wenye nafasi.

Jambo moja. Mama hajui. Nilimwambia dawa zitatuliza jicho kwanza, na soko likipanda tutampasua, ataona kama zamani. Usimwambie vingine. Mimi nilijaribu kumwambia, ulimi ukakataa.

Kama sasa unaweza kuandika lile neno juu ya dhahabu, nusu yangu inaweza kuniokolea duka. Nakuachia.

Kanaiyalal


Mahuva, 12 Julai 1992

Kaka,

Jay Shri Krishna. Mvua zimeanza vizuri. Bhavini ameposwa na watu wa kinu cha mafuta cha Rajula, kijana ana adabu na macho makubwa. Harusi ni mwezi wetu wa Magh, karibu na Februari.

Mama alifika. Ketan alimshusha kwenye treni kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika begi, na hakumaliza hata chai akageuza. Mama amekuwa mdogo. Alinipapasa uso muda mrefu, akasema, "Hasu, umekonda," nami nimenenepa. Siku mbili alikataa maji. Nililia, nikapiga kelele, nikamwita mkaidi, akabaki na midomo iliyopasuka anasema maji ya bintiye ni haramu kwake. Siku ya tatu akatoa sarafu kutoka kwenye pindo la sari, akaniwekea kiganjani, ndipo akanywa. Sasa kila bilauri analipa. Napokea, kwa sababu nisipopokea hanywi.

Uliniachia habari ya dhahabu. Nakujibu. Dole gumba liko kwangu sasa. Nilimwita wakili, akaandika karatasi kwamba dhahabu yote, nusu yako na nusu ya Bhavini, Mama amempa mjukuu wake kwa hiari yake. Nikamshika Mama mkono nikauelekeza. Hakuuliza ni karatasi gani. Nilidhani nitasikia vibaya, lakini nilichosikia ni raha, Kaka. Nilipikia watu wali mtamu jioni ile. Duka lako lizame.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, nimalize. Vitunguu havikuoza. Niliviuza tarehe 9 Machi kwa rupia elfu thelathini na moja, bei ambayo Mahuva haikuwa imeiona miaka sita. Siku nilipokuandikia "uza leo" pesa ilikuwa kabatini chini ya mashuka. Ningeweza kupanda treni nikamchukua Mama mwenyewe. Nikasema, mali yote anayo yeye, kwa nini nilipe mimi? Alipe anayerithi. Nikanunua mkufu wa tola sita. Nilikuwa nasubiri ushindwe, nawe ulikuwa unasubiri bei, na daktari wa Bhavnagar ameniambia mwezi ule wa Machi alikuwa bado anaponyeka. Nilimuuliza mara mbili.

Kwa hiyo usiniite katili bila kujitaja. Tumemtoa jicho moja moja, ndugu kwa ndugu.

Bado sijamwambia. Nami nilijaribu. Kila asubuhi nikimchana nywele ananiuliza, "Soko likoje leo?" Jana nikamjibu limepanda kidogo. Alifurahi, akatafuta mkono wangu akaushika. Kisha akafikiri, akasema, "Basi mwandikie Kanu asiuze bado. Asije akapata hasara kwa ajili yangu."

Nimekuandikia kama alivyoniagiza.

Hasumati